Mbwa mchangamfu kupita kiasi: nimpeleke Coco Beach au kwenye kiwanja chenye uzio?

Mkazi_Mbezi: Wakuu, habari za jioni. Nina dume, chotara wa German Shepherd, miezi 10, kilo 28. Kufungwa kumemchosha, bustani yote kaichimba. Nachagua kati ya Coco Beach Jumapili saa kumi na moja jioni, na kiwanja cha jamaa Tegeta chenye uzio wa waya, wanakoachiwa mbwa sita pamoja. Wapi panamfaa?

Pweza_Kunduchi: Coco Jumapili jioni? Atamaliza mihogo ya watu, ulipe wewe. Nenda siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Beba maji baridi lita moja. Akinywa ya bahari atatapika na kuhara. Ukichelewa, weka mgongo wa kiganja mchangani sekunde saba. Usipovumilia wewe, nyayo zake zitaungua.

mama_wawili: Mchangamfu vipi? Akiona mwenzake, mkia unakaaje? Anayetaka kucheza huinamisha kifua, matako juu, mwili umelegea. Mkia wima unaotetemeka, mdomo umefumbwa, macho yameganda: huyo hachezi. Tegeta nako ugomvi huanzia getini. Sita wanamkimbilia mgeni, kamba imekaza shingoni, hana pa kukwepea. Geti liwe na milango miwili, kamba ifunguliwe katikati.

Abuu_Magomeni: Na tukumbuke wengine wanaelekea swala ya magharibi. Mate yakigusa kanzu ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Ustaarabu kwanza.

Mkazi_Mbezi: Mkia unasimama, sikatai. Ila hajawahi kung'ata mtu hasa.

mama_wawili: "Hasa" ndiyo nini, kaka?

Mkazi_Mbezi: Kijana anayeleta maji. Alimparura tu shavu la mguu kwa meno wiki iliyopita, damu kidogo, tukapaka spiriti. Na yeye alikimbia! Chanjo anayo, kadi inaonesha miaka miwili iliyopita. Kamba ya mita 10 nimeshanunua, watoto nimeshawaahidi Coco.

Sukari_Guru: Mbwa wa miezi 10, chanjo ya miaka miwili? Alichomwa tumboni mwa mama yake? Hii chai, tena ya maziwa.

Pweza_Kunduchi: 😂😂 Iletwe na chapati.

Mkazi_Mbezi: Si chai. Kadi ni ya mbwa aliyekufa. Huyu nilikuwa nampangia chanjo.

Bwana_Mifugo: Chai au siyo, fanyeni hivi. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hata leo, kisha kijana aende hospitali akaanze chanjo ya kichaa cha mbwa. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje. Mbwa afungwe peke yake, asiuawe, aangaliwe siku 10 tangu alipong'ata, na afisa mifugo wa kata aambiwe. Akibadilika sauti, akishindwa kumeza au akitokwa udenda, msimguse, mpigie afisa. Akivuka salama, achanjwe. Coco na Tegeta zote hazimfai sasa. Baada ya hapo, mtafutie mbwa mmoja mtulivu, watembezwe mwelekeo mmoja, mita 30 kati yao, mkipunguza taratibu. Avae kifunga mdomo cha kikapu, siyo cha kitambaa, maana lazima ahemee kinywa wazi.

Mkazi_Mbezi: Basi Coco wiki ijayo?

mama_wawili: Achana na Coco. Kijana wa maji yuko wapi?

Mkazi_Mbezi: Hajaleta maji tangu siku ile.

Bwana_Mifugo: Namba yake unayo?