Je, umri wangu unapotea bure hapa Lamu?

Muulizaji, Langoni
Assalamu alaikum. Nina umri wa miaka 34. Nilisomea ufundi wa umeme nikitarajia kuajiriwa bandarini, lakini gati la kwanza lilipofunguliwa mwaka 2021 nilikuwa nimekwisha kurudi nyumbani kumuuguza mama aliyepooza, na tangu hapo nakaa dukani kwa mjomba. Wenzangu niliosoma nao wako Mombasa na Doha. Wanajenga, wanaoa, wanatuma picha. Kila nikifunga duka baada ya Isha hunijia fikra kwamba umri wangu unateketea, na nikilitaja jambo hili naambiwa nishukuru. Mnakabiliana nalo vipi?

Fundi wa Matondoni
Wa alaikum salaam, mwanangu. Kushukuru ni kwema, lakini anayekuhimiza ushukuru kabla hajakusikiliza hakukusaidia. Mimi ni muunda majahazi, na mashua za faiba zilipoanza kuenea nilidhani yote niliyojifunza yamekwenda bure. Kuambiwa kwamba kazi yangu ni urithi hakukunifaa, maana urithi hauliwi. Kilichonifaa ni kazi ndogo ndogo za ukarabati, ambazo zilinifanya nilale nikijua kwamba asubuhi kuna mtu ananingoja. Wewe unangojwa na mama yako, na hilo ni kubwa, ila kungojwa na mgonjwa peke yake kunachosha. Tafuta nyumba mbili tatu za mtaani zenye nyaya mbovu, ufundi wako usife.

Aliyerudi, Shela
Nimeishi Doha. Picha hizo hupigwa siku ya mapumziko. Siku za kazi hatupigi. Sisemi usiende, nasema usijipimie kwazo.

Muuguzi, Malindi
Naafiki, pamoja na tahadhari moja. Kuhisi kwamba umri unapotea ni jambo moja. Kukosa usingizi, hamu ya chakula na furaha ya lolote karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi ni jambo jingine, kwani huenda ikawa ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni iliyozidi, nao hutibika. Ukijiona hivyo, au ukianza kuwaza kwamba ni heri usingekuwapo, nenda Hospitali ya King Fahd hapo Lamu mara moja umweleze daktari bila kuficha. Je, ndugu zako wengine wako wapi?

Muulizaji, Langoni
Nashukuruni. Nina kaka Mombasa, ambaye hutuma pesa za dawa akaona yamekwisha. Huja kila Maulidi; safari hii nitamwomba abaki na mama wiki kadhaa, nami nizishughulikie hizo nyaya.