Upepo, mvua na macho: tupeane uzoefu wa siku uliyokimbilia kliniki

Wakuu habari za jumapili. Mimi nipo mapokezi kliniki moja ya macho hapa Dodoma mwaka wa sita sasa, na foleni ya kesho naijua usiku nikiwa kitandani kwa kusikiliza mabati. Yakigongana usiku kucha basi asubuhi nakuta benchi limejaa, kila mtu kashika leso na jicho moja kafumba. Kuanzia Juni mpaka Oktoba hivi ndo msimu wetu, vumbi na upepo, yani mchanga wa Dodoma mnaujua wenyewe. Na wengi wanakuja siku ya tatu baada ya kuosha na chai, maziwa ya mama, wengine hata sisemi. Haya, wewe ilikuwaje?

Boda_wa_Ihumwa: Mimi Agosti mwaka juzi, kioo cha helmeti kilishavunjika kitambo nikawa napiga kazi hivyohivyo, kitu kikaingia nikasugua weee. Daktari akaweka ganzi, akatia rangi ya njano, akawasha taa ya bluu, akamwita mwenzake aje aone michirizi inang'aa kijani kwenye kioo cha jicho. Akageuza kope la juu na kijiti cha pamba, kumbe kachembe kamenasa kwa ndani, kila nikipepesa kananikwangua. Kukatoa sekunde kumi tu, na mimi nimeteseka siku mbili bana

Mama_Kibaigwa: Bora wewe mchanga. Mimi nilikuwa napepeta mahindi na upepo ukageuka, pumba ikanichapa. Jirani akanipa tone zake zilizobaki, wekundu ukapungua kweli nikashukuru, wiki ya pili naona doa jeupe kwenye mboni. Hospitali wakasema ni fangasi, mara nyingi inaingia na uchafu wa mimea, na zile tone zilikuwa na steroidi, dawa ya kutuliza wekundu na uvimbe, ndo zikailisha. Nimetumia dawa miezi miwili na mpaka leo jicho hilo naona kama kuna ukungu

Mpwani255: Huku Dar sisi upepo sio shida, shida joto na jasho la kubanana. Januari 2024 mnakumbuka red eyes? Daladala nzima miwani myeusi utadhani tunaenda msibani. Watu wakawa wanaogopa kutazamana eti unaambukizwa kwa macho 😂 wakati ni virusi, vinapita kwenye mikono na taulo. Kwangu tulikuwa na taulo moja, tukaumwa wote watano

Msee_wa_Nai: Huku Nairobi ngoja mvua inyeshe. Kale kadudu kembamba kekundu na keusi, Nairobi fly, kanafuata taa. Nilikaponda shingoni halafu nikajipangusa jicho, asubuhi kope limefura sioni. Ukikaona kapulize tu, usikaponde, na kakishapondeka osha na sabuni mbio

Boda_wa_Ihumwa: Mleta uzi, ile ganzi ilinipa raha sana, mnauza? Nikae nayo kwenye boda

Mleta uzi: Hapana mkuu, hiyo haitoki kliniki. Ukiitumia mwenyewe husikii maumivu ila kidonda hakifungi, unaua jicho huku unacheka. Nunua kioo cha helmeti.