Kombe la vifungo

Kikundi: UKOO WA ILALA

Alhamisi

[20:06] Mimi: Shikamooni wazazi wote. Tunahamisha kabati la bibi kabla fundi rangi hajaja kesho. Nimekuta hiki nyuma ya vikombe vya chai. [picha]

[20:07] Mimi: Kimejaa vifungo na sindano za cherehani. Mkono mmoja umewahi kukatika ukalehemiwa. Kuna maandishi tumboni ila yamefutika, nasoma CUP na 195, tarakimu ya mwisho haionekani.

[20:09] Dada: Mimi nimekulia humu ndani, najua ni chombo cha vifungo. Kila nikishona sketi ya shule bibi ananiambia, nenda katoe kifungo kwenye kombe. Sijawahi kujiuliza kwa nini anaita kombe.

[20:10] Baba: Usije ukakitupa!!

[20:11] Baba Mkubwa: Marahaba wanangu. Kirudishe hapo hapo ulipokitoa. Hilo ni kombe la baba.

[20:11] Mimi: Babu alishinda kombe?

[20:14] Baba Mkubwa: Na timu yake ya mtaa, kabla ya uhuru. Winga wa kushoto. Mistari ya uwanja ilikuwa inachorwa kwa majivu, na waliomwona walikuwa wakisema mpira ukiisha, mstari wa kushoto wote umefutika kwa mbio zake.

[20:19] Mjomba Mombasa: Asalaam aleikum shemeji zangu. Hiyo picha nimeivuta karibu nikaiangalia sana. Isije ikawa ni lile kombe la Gossage lenyewe! Marehemu mzee wangu alikuwa hamalizi wiki bila kulitaja.

[20:20] Baba Mkubwa: Waaleikum salaam shemeji. Hapana, hili ni la mtaani. Gossage lilikuwa la nchi.

[20:20] Dada: Gossage ndiyo nini?

[20:27] Baba Mkubwa: Ngoja nikae vizuri. Gossage ni jina la kampuni ya sabuni ya Uingereza. Mwaka 1926 walitoa kombe, Kenya na Uganda wakawa wanalipigania wao wawili tu. La kwanza walichukua Kenya. Baada ya hapo Uganda wakalizoea, miaka mingi lilikuwa kama limejengewa nyumba Kampala. Sisi Tanganyika tuliingia 1945, Zanzibar wakaingia 1949. Sasa sikilizeni hapa. Mwaka ule ule wa 1949 Tanganyika tukalichukua. 1950 tukalichukua tena. 1951 tukalichukua tena. Mara tatu mfululizo, nchi bado iko mikononi mwa Mwingereza. Ndilo lile lile lililogeuka kuwa Chalenji mwaka 1967, na tangu 1973 likawa Kombe la CECAFA. Kwa hiyo mkisikia Taifa Stars wamechukua Chalenji 1974, 1994 na 2010, au Zanzibar 1995, mzizi wake ni ile sabuni.

[20:29] Mjomba Mombasa: Ahsante shemeji. Na angalia Mungu alivyopanga, AFCON ya 2027 wenyeji ni Kenya, Uganda na Tanzania. Wale wale wa Gossage.

[20:31] Shangazi Muscat: Jamani nimechelewa, nilikuwa jikoni. Kaka, hao waliochukua mara tatu walikuwa akina nani?

[20:36] Shangazi Muscat: Kaka?

[20:38] Baba Mkubwa: Nimeona swali lako. Nilikuwa najaribu.

[20:39] Baba Mkubwa: Simkumbuki hata mmoja.

[20:41] Baba: Baba alikuwa anawataja wote. Alikuwa kijana mdogo miaka ile, lakini kikosi kizima alikuwa nacho kichwani. Anaanza na golikipa, fulubeki wawili, hafubeki, insaidi, mpaka winga. Anawataja mezani jioni, sisi tunagombania kichwa cha samaki. Hakuna aliyechukua hata kipande cha karatasi.

[20:42] Shangazi Muscat: Usiniambie kaka. Mimi nilikuwa nikimwambia baba, hiyo umeshatuhadithia jana.

[20:44] Baba Mkubwa: Jina la sabuni tunalo. Jina la golikipa hatuna.

[20:46] Dada: Lakini wengine wanakumbukwa Baba Mkubwa. Peter Tino hata mimi namjua na sijui mpira.

[20:55] Baba: Tino ni kweli. Agosti 1979, Ndola. Nilikuwa darasa la sita. Hapa Dar tulishawafunga Zambia 1-0, tulikuwa tunahitaji sare tu kwao. Redio ilikuwa ya jirani, ile yenye kava la ngozi, ameiweka dirishani na watu wamekaa mpaka barabarani. Zambia wakapata bao. Hesabu ikawa sawa, moja kwa moja. Dakika zinakwenda, watu wameshaanza kukung'uta suruali waondoke. Tino akasawazisha mwishoni kabisa. Baba hakushangilia. Alikaa chini kwenye vumbi akashika kichwa kwa mikono miwili, mama akaja mbio akidhani amepata presha. Ndiyo tukaenda Lagos 1980, fainali za Afrika. Tukangoja miaka 39 kwenda tena.

[20:57] Baba Mkubwa: Na mwaka 2019, Stars walipowafunga Uganda 3-0 wakaitwa Ikulu, Tino naye alikuwepo, Rais Magufuli akamkumbuka mbele ya watu. Nililia siku ile na sioni aibu kusema. Ila kikosi kile cha Lagos hakikuwa cha mtu mmoja. Nahodha alikuwa Leodegar Tenga. Golini alikuwepo Juma Pondamali, alikuwepo Athumani Mambosasa. Juma Mkambi "Jenerali" aliwafunga Nigeria kwao. Thuwein Ally akawafunga Misri, akawafunga Ivory Coast, mabao mawili katika fainali za Afrika. Sasa simama pale kituo cha daladala, uliza vijana kumi nani alikuwa Thuwein.

[20:58] Mimi: Baba Mkubwa hata mimi ndiyo nalisikia leo hilo jina.

[20:58] Baba Mkubwa: Si kosa lako. Hatukukwambia.

[21:04] Mjomba Mombasa: Huku kwetu Joe Kadenge, mchezaji wetu wa zamani, aliponea kwenye ulimi wa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela. "Kadenge na mpira, Kadenge na mpira." Mtoto aliyezaliwa juzi ukimrushia mpira atakwambia Kadenge na mpira, na Kadenge alitutoka Julai 2019. Redio ilimpa makao. Lakini Feisal, timu ya hapa hapa Mombasa, ilichukua ligi ya Kenya 1965, na ukiuliza leo kikosi chao utaambiwa ngoja nikamuulize fulani, na huyo fulani naye tumemzika.

[21:06] Mama: Na hili letu la kabatini je? Tuliache lirudi kwenye vifungo?

[21:08] Dada: Bibi ameamka, nimemsomea yote. Anataka kusema, hawezi kuandika, naandika mimi kama anavyotamka.

[21:15] Dada: Bibi anasema hivi. "Nyie mnadhani niliweka vifungo kwa kukosa kopo? Kombe lile walikuwa wanapokezana. Kila mchezaji anakaa nalo mwezi mmoja nyumbani kwake, wageni waje walione, halafu anampelekea mwenzake. Mwezi wa mume wangu ndio timu ikavunjika, wengine walihamishwa kazi, mmoja akarudi kwao Kilwa. Likabaki hapa. Mkono aliuvunja baba yenu alipokuwa anatambaa, babu yenu akalipeleka kwa fundi mwenyewe, hakumpiga mtoto. Baadaye wakaanza kupita wanunuzi wa vyuma chakavu na mizani yao. Kitu kikiwa kitupu ndani ya nyumba kinauzwa. Kitu chenye kazi hakiuzwi. Ndiyo nikakipa kazi."

[21:16] Shangazi Muscat: Mama yangu jamani 😭

[21:17] Baba: Mama nisamehe kwa mkono.

[21:18] Dada: Anasema ulishasamehewa ukiwa na miezi tisa.

[21:22] Dada: Anaendelea. "Golikipa wao yuko hai. Yuko Buguruni kwa binti yake. Ndiye aliyebaki peke yake. Jicho moja limeingia mtoto wa jicho. Alikuja kwenye arobaini ya babu yenu, akakaa kwenye mkeka pale mlangoni, hakuna kati yenu aliyemuuliza ni nani."

[21:23] Baba Mkubwa: Yule mzee wa kanzu ya kahawia?

[21:23] Dada: Bibi anasema huyo huyo.

[21:25] Baba Mkubwa: Mimi nilimpa sahani ya pilau nikaendelea na wageni wengine. La haula.

[21:29] Shangazi Muscat: Naomba kusema. Tumfanyie shughuli. Tukodi ukumbi, cheti kwenye fremu, keki, tuite na watu wa mpira wa wilaya. Mchango wangu natuma leo.

[21:33] Mama: Wifi wazo zuri, ila mzee wa umri ule kumweka jukwaani saa tatu chini ya spika, atachoka. Na cheti hatakiona, jicho lenyewe ndilo hilo.

[21:35] Baba Mkubwa: Hela ya ukumbi iende kwenye jicho.

[21:36] Shangazi Muscat: Mmeniweza. Iende kwenye jicho. Nambari ya simu ya binti yake mnipatie, nitazungumza naye mwenyewe, nisije nikamfanya aonekane ombaomba.

[21:38] Mjomba Mombasa: Na mimi nimo shemeji, msiniache. Lakini na majina yachukuliwe. Matibabu ni haki yake, na majina ni haki ya wenzake.

[21:40] Baba: Jumamosi asubuhi tunakwenda. Mimi, kaka, na vijana wawili. Kombe liende naye alishike.

[21:41] Dada: Bibi anasema na yeye anakwenda, msimuulize miguu.

Ijumaa

[17:52] Mimi: Nimelisugua kwa majivu na ndimu kama bibi alivyoelekeza. Masaa mawili. [picha]

[17:53] Mimi: Tarakimu ya mwisho imejitokeza. Ni 7. 1957.

[17:55] Baba Mkubwa: Mama alikuwa ameshaolewa tayari? Au bado?

[17:58] Dada: Anasema mwaka mmoja kabla ya harusi. Alikuwa uwanjani siku ya fainali, amejifunika khanga ili kaka zake wasimtambue. Hajawahi kutuambia hili!!

[18:00] Dada: Vifungo nimevihamishia kwenye kopo la maziwa. Amevihesabu.

Jumamosi

[10:21] Baba: Tumefika salama. Amepokea kwa furaha mno. Bibi na yeye wameshikana mikono mlangoni muda mrefu, hawakusema neno.

[10:24] Shangazi Muscat: Tuma sauti kaka, usiandike.

[10:31] Mimi: Nimempa kombe mikononi. Haoni vizuri, akawa analipapasa polepole kuanzia mdomoni. Kidole gumba kikafika pale penye mlehemu kikasimama. Akauliza, "Huu mkono nani aliuvunja?"

[10:32] Baba: Nikamwambia ni mimi mzee wangu, nilikuwa natambaa. Akanishika kichwani.

[10:33] Mjomba Mombasa: Subhanallah.

[10:40] Mimi: Nimewasha kurekodi. Baba Mkubwa amemuomba atutajie kikosi cha siku ile. Akasema, "Mimi mwenyewe sitajitaja kwanza. Namalizia." Ameanza na fulubeki wa kulia. Anataja jina, jina la baba yake, alikuwa akikaa mtaa gani na kazi aliyokuwa akifanya. Wa kwanza alikuwa kuli bandarini, alikuwa akicheza pekupeku mpaka siku ya fainali, ndipo wakamchangia viatu. Vikambana, akavivua mapumziko.

[10:41] Dada: Mimi naandika kwenye daftari pia, simu isije ikazima. Daftari lina mistari kumi na moja, nimeshazitia namba.

[10:47] Mimi: Insaidi wa kulia alikuwa fundi cherehani. Jezi zote alizishona yeye kwa kitambaa cha mifuko ya unga, akazitia rangi ya bluu, ikawa inachuja wakitoka jasho.

[10:48] Shangazi Muscat: Nalia peke yangu huku, watoto wananiuliza nini.

[10:52] Mimi: Amefika kwa babu. Winga wa kushoto. Amemtaja kwa jina ambalo sisi hatulijui, jina la utani la uwanjani. Bibi ameinama amefunika uso na khanga, anacheka na kulia.

[10:53] Shangazi Muscat: Jina gani??

[10:54] Dada: Bibi anasema hilo haliandikwi kwenye kikundi, atakwambia mwenyewe ukija.

[10:58] Baba Mkubwa: Tuna tisa. Wa kumi anamkumbuka sura, alikuwa sentafowadi, mrefu, ndiye aliyerudi Kilwa. Jina linamkimbia.

[10:59] Mjomba Mombasa: Msimkatize. Mwacheni anywe maji.

[11:06] Mimi: Bado. Ameshika kombe, macho ameyafumba, anapiga paja kwa vidole kama anahesabu hatua.

[11:07] Mama: Bibi je, hamkumbuki?

[11:08] Dada: Bibi anasema analijua, ila anataka alitaje yeye.

[11:13] Dada: Amelitaja.