Naomba ushauri: maiki moja au mbili kwa albamu ya sauti mbili za folk na kantri?

Wakuu, habari zenu. Tunaandaa albamu ya waimbaji wawili na magitaa makavu mawili, bila ngoma wala besi. Mwelekeo ni ule wa Everly Brothers, ndugu wawili waimbaji wa Marekani: Don akishika melodi chini, Phil akiimba juu yake kwa umbali wa noti ya tatu, maneno yakitoka kwa pumzi moja.

Tatizo ni maiki. Tukitumia mbili za kadioidi (zinazopokea zaidi sauti ya mbele), mdomo sentimita 30 kutoka maiki yake, basi maiki na maiki ziachane angalau sentimita 90. Zikikaribiana zaidi, sauti ya kila mmoja inaingia kwenye maiki zote mbili kwa kuchelewa kidogo, na kwenye miksi inasikika nyembamba, yenye uwazi katikati. Lakini kwa umbali huo waimbaji hawasikilizani vizuri na "s" za mwisho wa maneno haziangukii pamoja, jambo linaloua kabisa mtindo huu.

Njia ya pili ni maiki moja inayopokea mbele na nyuma, waimbaji wakitazamana. Mizani inapatikana kwa kurudi nyuma nusu hatua tu. Hasara yake: noti ikipotea, mnarudia wote.

Waliorekodi hivi, magitaa mliyaweka wapi? Maiki ya gitaa naielekeza freti ya 12 (kijiti cha 12 cha chuma kwenye shingo ya gitaa), si kwenye tundu, maana pale sauti nzito za chini zinavimba. Je, yapigwe pamoja na sauti au yatangulie?