Shule za udereva mnakula ada zetu halafu hamfundishi mtu kushika usukani!!

Wakuu habari za muda huu. Nina hasira sana na nitaandika hivyo hivyo.

Nimemlipia mdogo wangu ada kwenye shule moja ya udereva hapa Dar, kasoma, cheti kapata, leseni kachukua. Jumapili nikampa gari twende Kibaha. Jamani! Kajisogeza mbele mpaka kifua kinataka kugusa stelingi, mkono mmoja juu kabisa ya usukani, wa pili umeganda kwenye gia na gari lenyewe ni automatiki. Ikifika kona anapitisha kiganja kwa ndani anauvuta, akishamaliza kukata anauachia ujirudie wenyewe huku semi inakuja mbele yetu. Namuuliza nani kakufundisha hivi, ananijibu "mwalimu ndo anavyoendesha kaka".

Nikapiga simu shuleni. Eti "atazoea akishaingia barabarani". Azoee nini sasa? Barabara ya Morogoro na yale malori ndo darasa??

Alama za barabarani kakaririshwa zote, hilo sibishi. Ila mikono hakuna aliyemgusia, na ni kitu cha siku ya kwanza kabisa. Chukulia usukani ni saa ya ukutani, mkono wa kushoto ukae kwenye 9, wa kulia kwenye 3. Ile 10 na 2 ya wazee wetu ilikuwa sawa kwa magari yasiyo na pawa stelingi, unahitaji nguvu ya kuning'inia. Siku hizi pale katikati kuna eabegi, lile puto la kukukinga ajali ikitokea, na ikifyatuka inatoka kwa spidi inayoweza kufika 300 km kwa saa, hata kope hujafumba. Mkono uliokaa juu au uliopita katikati unarushwa usoni kwako mwenyewe, hapo ni pua, meno au mfupa wa mkono. Ndo maana pia kifua kinatakiwa kiwe mbali na katikati ya usukani angalau sentimita 25. Kupima ni rahisi, egemea kiti vizuri, nyoosha mkono, kifundo cha mkono kilale juu ya usukani bila bega kuachana na kiti. Basi. Dakika moja tu, mwalimu kashindwa!

Na kona ni mkono mmoja unasukuma mwingine unapokea, kurudisha hivyo hivyo, usukani hauachiwi. Kuvusha mkono juu ya mwenzake ni kwa spidi ndogo, kama unapaki au unageuza.

Hawa ndo wanakuja kuwa madereva wa Noah na Costa, kiganja kimoja kwenye stelingi, kingine kina simu, nyuma kabeba mama zetu. Tairi la mbele likipasuka kwenye spidi 100 gari linavutwa upande ule ule ghafla, inabidi ulishikilie kwa mikono miwili linyooke, uachie mafuta taratibu, breki usiikanyage kwa nguvu. Kiganja kimoja utalizuia na nini?

Nimedai arudiwe masomo bure, wamekataa, wanataka nilipe upya. Silipi hata mia, kesho asubuhi niko ofisini kwao na risiti yangu.

Mwenye kumjua mwalimu hapa Dar anayeanza na kiti na mikono kabla hajawasha gari naomba anielekeze, dogo gari nimeshamnyang'anya funguo mpaka hapo.