Vifaa vyako kuibiwa kazini: tupeane uzoefu, mafundi wa Uganda

SpanaKumi (Ndeeba, Kampala)

Wakuu, poleni na kazi. Kwenye gereji yetu hapa Ndeeba bosi anatoa uwanja, kompresa na jeki kubwa. Spana, soketi, bisibisi, testa, hivyo kila fundi anakuja na vyake, alivyonunua kimoja kimoja. Kikipotea, kimepotea chako. Bosi hashtuki, mteja haulizi, ila kesho asubuhi injini iko chini imefunguliwa inakungoja, na utaifunga kwa meno?

Spana ya 10 ndiyo inaongoza kwa kuondoka. Mwezi uliopita ikafuata racheti yangu, tena nzuri. Sasa nani kachukua? Mafundi tunajuana, kuna madogo wanaojifunza kazi, kuna matanboi (utingo wa malori), madereva wanaoingia na kutoka, mama wa chai, wauza soksi. Ukimtaja mtu bila ushahidi umeharibu urafiki wa miaka. Ukinyamaza, wiki ijayo wanabeba toki renchi, ile spana ya kupima nguvu ya kukaza.

Sitaki mawaidha. Nataka yaliyokukuta, ulifanya nini, na kipi kilisaidia. Kiswahili chochote kinakubalika hapa: cha Arua, cha Busia, cha kambini, cha jeshini. Karibuni.

Mama Randa (Bwaise)

Mimi ni seremala, na ndiyo, ni mwanamke, tuendelee.

Kwa ninavyoona, nusu ya wizi wa vifaa huanza na "niazime kidogo, narudisha sasa hivi". Anachukua patasi yako, anaitumia, mwenzake anaiomba kwake, wa tatu anaibeba kwenda kwenye kazi ya nje huko Kawempe, na jioni kila mmoja anaapa kwa Mungu kwamba alimpa fulani. Hakuna mwizi hapo, lakini patasi haipo. Na yule mwizi kweli anajificha humo humo, kwa sababu hata akikamatwa na kifaa chako mkononi atasema aliazima.

Dawa yangu ni moja. Anayetaka randa yangu anaacha kiatu kimoja. Siyo kitambulisho, siyo maneno matamu. Kiatu. Nakiweka chini ya benchi langu. Mwanzoni walinicheka sana, wakasema nimekuwa msikiti. Lakini mwanaume hawezi kupanda boda kwenda nyumbani na kiatu kimoja mbele za watu. Randa hurudi kabla ya jua kuzama, tena imepanguswa vumbi.

WayaMbili (fundi umeme, saiti za Entebbe Road)

Mama, umenichekesha, lakini kwenye saiti yenye vibarua mia, viatu vitajaa stoo.

Kwetu shida ni geti. Jioni askari anakupekua mpaka kwenye soksi, lakini asubuhi ulipoingia na drili yako hakuna aliyeandika. Siku moja nilizuiwa getini na drili yangu mwenyewe, fomani akadai ni ya kampuni. Risiti iko nyumbani, namba imefutika, nitathibitisha vipi? Nililala bila drili, na asubuhi nilipokwenda kuidai stoo, waliniambia hawajapokea kitu. Nani alilala nayo mpaka leo sijui.

Tangu hapo siingii saiti yoyote kabla ya kuandikwa. Nina daftari langu: jina la kifaa, rangi, namba iliyochapwa na kiwanda kwenye bodi ya mashine. Nikifika getini namwambia askari, "Afande, hivi ni vyangu, tia saini." Saiti nyingine wananiona msumbufu. Sawa tu. Picha za kila kifaa pia nimezituma kwenye simu ya mke wangu, maana simu yangu nayo ni kitu cha kuibiwa.

Askari wa Geti (Namanve)

Nimesoma kimya kimya, acha niseme. Sisi askari tunalaumiwa sana, na wapo wenzetu wanaokula na wezi, sikatai. Lakini nikuelezeni vitu vinavyotoka ninavyoviona mimi.

Havitoki kwenye begi. Begi ndilo linalopekuliwa, kila mtu anajua. Vinatoka kwenye toroli la kifusi saa nane mchana, wakati wa kumwaga nje, na mtu wake anangoja kwenye lundo. Vinatoka kwenye sufuria ya posho (ugali) ya mama mpishi, chini kabisa, bila mama mwenyewe kujua. Vinarushwa ukutani upande wa barabara penye boda anayejifanya ameishiwa mafuta.

Kimoja sitakisahau. Kibarua alikuwa akiingia na jerikeni ya njano ya lita ishirini, ya maji ya kunywa, na jioni anatoka nayo. Nikawa najiuliza, huyu mbona anarudi na jerikeni iliyojaa? Maji ya nyumbani anayatoa kazini? Nilipoishika na kuitingisha haikulia maji, iligonga. Kitako kilikuwa kimekatwa kwa uangalifu na kurudishiwa kwa kuyeyusha plastiki, huoni mpaka uinamishe kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na grainda, diski zake, na nyaya za shaba zimekunjwa vizuri kabisa. Kusema kweli ufundi ule, angeutumia kwenye kazi, angekuwa fomani.

WayaMbili, hiyo ya kuandika wakati wa kuingia ni kweli kabisa. Tatizo lake ni zamu: mimi nakuandika asubuhi, anayekutoa jioni ni mwingine. Daftari likae getini, lisikae mfukoni mwa askari.

Mzee wa Karakana (Tororo)

Vijana, haya mnayoyatafuta sisi kwenye reli tulikuwa nayo, tangu enzi za reli ya Afrika Mashariki kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977.

Kila fundi alikuwa na vibati vyake vya shaba, vidogo, vya mviringo, vimegongwa namba yake na tundu la kutundikia. Ukitaka kifaa stoo, unatoa kibati. Stookipa anakutundikia kibati chako kwenye msumari ule ule kifaa kilipokuwa. Ukirudisha, unapewa kibati chako. King'ora cha jioni kikilia, stookipa hasomi daftari wala haulizi mtu, anatazama ukuta. Msumari wenye kibati nambari fulani, mwenye nambari hiyo hatoki.

Uzuri wake ni kwamba hakukuwa na tuhuma. Hakuna aliyeitwa mwizi, unaitwa mwenye deni. Na ulikuwa na idadi maalumu ya vibati, kwa hiyo huwezi kulimbikiza vifaa vya watu kwenye kabati lako.

Hivyo ni vya kampuni. Vya kwako mwenyewe, sanduku la chuma, kufuli mbili, na sanduku lenyewe lifungwe mnyororo kwenye mguu wa meza. Kufuli moja siku hizi ni mapambo.

SpanaKumi

Mzee, heshima yako. Hilo la kibati tunaweza hata kwa vifuniko vya soda. Shida yetu hatuna stookipa, na atakayewekwa atakuwa mmoja wetu.

Cherehani Congo (Nakivale)

Miye ni Mkongomani, niko huku kambini Nakivale, tunashona watu wengi katika chumba kimoja. Mashine ni za kwetu, kila mtu na yake, lakini mlango ni mmoja na funguo ziko tatu.

Mashine nzima ni nzito, lakini waliiba mbili usiku mmoja. Yangu waliiacha. Sababu: kila jioni ninachomoa kile kikesi cha chuma kinachoshika bobini, na sindano, ninavifunga kwenye kitambaa, ninaenda navyo nyumbani. Mashine bila kikesi haishoni, na mwizi wa huku anajua mashine, anaijaribu kwanza. Mkasi nao hauwezi kulala kazini, mkasi mzuri ni kama mtoto, unalala na mama yake.

Moto Mweupe (welda, Mbale)

Yangu ni ndefu kidogo na haifurahishi.

Kibanda chetu tulikuwa mafundi watano na vijana kadhaa. Ikapotea mashine ya kuchomelea ya mwenzetu, ile ndogo ya kubebeka. Mwenye mashine akasema haendi polisi, anakwenda kwa mganga. Mnajua hadithi za nyuki: mwizi anavamiwa na nyuki mpaka anarudisha. Akatangaza kwa sauti mbele ya kila mtu kwamba ametoa pesa na mganga anakuja Ijumaa. Alhamisi usiku mashine ikarudishwa, imefunikwa gunia, mlangoni.

Wote wakashangilia. Mimi sikushangilia. Siku zile tatu za kungoja, macho yote yalikuwa kwa kijana mmoja aliyetoka mbali, hana ndugu mjini, mkimya. Walimnyima chai. Mmoja alimpiga kofi. Mashine iliporudi, hakuna aliyemwomba radhi. Walisema "si unaona, ameogopa". Yeye hakusubiri Ijumaa wala Jumamosi, alichukua nguo zake akaenda. Na mwezi haukuisha, ikapotea grainda. Kijana hayupo, mwizi yupo.

Kwa hiyo anayesema mganga anasaidia, nakubali kwamba mashine ilirudi. Basi.

Afande Mstaafu (Lira)

Huyo aliyempiga kofi ashukuru kwamba liliishia hapo. Nimeona mwizi wa nyundo akipigwa mpaka kufa, na waliompiga, mafundi wenye watoto, wakaondoka na kesi ya mauaji. Nyundo! Tafadhali.

Polisi wanasaidia ukienda na kitu mkononi. "Spana zangu zimeibiwa" haitoshi, spana zote zinafanana. Nenda na risiti, picha, namba ya kiwandani, na alama yako. Omba namba ya SD, ile ya daftari la kituo, na uitunze. Kuandikisha kesi ni bure, na bondi ya polisi haina ada, msidanganywe. Kama kuna kupekua nyumba, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, awepo.

Kisha msisahau mnunuzi. Kupokea mali ya wizi ni kosa peke yake, na wizi wenyewe kwa sheria ya jinai ya Uganda unaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka kumi. Nilikuwa nikipita kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na wauza vifaa vilivyotumika karibu na eneo, nawaonyesha picha kabla kifaa hakijafika kwao. Mtu hataki kununua grainda aliyoonyeshwa picha yake na polisi asubuhi.

Kisu Changu (mpishi, hoteli moja Entebbe)

Swali lenye jibu ndani. Kwetu kilipotea kifaa cha hoteli, meneja akatukata mshahara jiko zima, "mgawane hasara". Tulikwenda watatu kwa ofisa wa kazi wa wilaya. Alituambia Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imetaja makato yanayoruhusiwa, na hilo halimo. Pia akasema mtu hafukuzwi kwa kosa kabla hajaelezwa anachotuhumiwa na kusikilizwa, na anaruhusiwa kuja na mtu wake. Barua moja tu, pesa zikarudi. Kwa visu vyangu binafsi nilivyoibiwa hakuwa na la kunisaidia, akanielekeza polisi.

Mama Randa

Kuhusu alama: rangi ya kupaka haifai, petroli inaiondoa dakika moja. Kwenye mbao choma kwa chuma cha moto. Kwenye chuma, gonga herufi kwa vile vyuma vya kugongea herufi, au mwombe welda akuwekee nukta tatu za moto mahali pasipoumiza kazi. Nukta kwenye spana, huyo mwizi aitie tupa mpaka achoke.

SpanaKumi

Nukta tatu nimeshaenda kuwekewa Katwe, spana zote. Swali la mwisho, na naomba mnijibu bila kupaka mafuta: kama mwizi ni mpwa wa bosi? Racheti yangu nimeiona kwenye gari lake. Bosi nimemwambia, kasema "yule bado mtoto". Ana ndevu.

Moto Mweupe

Hapo usipoteze muda. Mimi yangu yaliishia vilevile na shemeji wa bosi. Nilihamisha sanduku kibanda cha pili mtaa uleule, wateja wangu wakanifuata. Bosi wa zamani bado anatuma mtu kuazima grainda. Nampa, lakini naandika jina, saa, na anatia saini kama wengine.