Ushauri wenu wakuu: nimepewa kuanzisha timu ya lakrosi chuoni Marekani, vijana hawatoshi

Kijiti_na_Wavu (mwanzisha uzi):
Wakuu, habari za majukumu. Wiki ya tatu hii usingizi siupati.

Nimekulia Baltimore tangu nina miaka tisa. Kule watoto wanacheza lakrosi kama nyumbani wanavyocheza chandimu. Nimeicheza mpaka chuo, nikaja kufundisha sekondari miaka sita. Mwaka jana chuo kidogo cha binafsi hapa Ohio (jina nalihifadhi) kikaamua kuanzisha timu ya wanaume, kikaniita niwe kocha mkuu wa kwanza. Nimekuta uwanja mtupu, hata helmeti moja hakuna. Mechi ya kwanza ni Februari.

Kwa wasioujua: watu kumi kila upande, kijiti chenye wavu kichwani, mpira wa raba mgumu. Waasisi wake ni wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, Wahaudenosaunee wakiwemo.

Nahitaji vijana 30, ninao 19. Nikienda Long Island au Philadelphia nakuta wazuri wote wameshachukuliwa. Je, nijazie na vijana wa soka na mpira wa kikapu niwafundishe kijiti, au nianze na hawa wachache?

Mpogoro_Asilia:
Kijiti chenye wavu? Mkuu, hicho sisi Kilombero tunavulia kambale 😂

Mzee_Kisiki:
Kijana, mwaka 1994 nilianzisha timu ya soka ya shule kule Songea nikiwa na watoto 13 na jozi nne za viatu. Golikipa alidaka pekupeku. Mechi ya kwanza tulifungwa 9, ya pili 6, ya tatu tukatoka sare, na mkuu wa shule akatuchinjia mbuzi. Siri ilikuwa nidhamu: anayechelewa mazoezi hachezi, hata awe mtoto wa diwani. Vijana wa siku hizi mnahesabu vichwa badala ya kulea watu.

Mlinda_Lango:
Nimecheza mchezo huu huku Pennsylvania, ngoja nijibu alichouliza. Kila goli likiingia, mpira unarudi katikati na watu wawili wanainama kuugombania. Usipokuwa na fundi wa kazi hiyo, wapinzani wanafunga, wanauchukua tena, wanafunga tena, na washambuliaji wako wanabaki watazamaji. Kwa hiyo kabla ya mfungaji yeyote tafuta wagombea mpira wawili na magolikipa wawili. Halafu omba vijana wawili watatu wanaohama kutoka vyuo vingine, wenye miaka 20 na kitu, maana kikosi kizima cha mwaka wa kwanza kitapigwa na watu wazima. Beki unaweza kumtengeneza kutoka mpira wa kikapu, miguu yake tayari inajua kukaba. Golikipa humtengenezi kwa miezi sita.

Ila 22 wazima wanamaliza msimu. Hiyo 30 ni namba ya nani?

Kijiti_na_Wavu:
Asante sana mkuu, hilo la wagombea mpira nimelishika.

Namba ni ya chuo. Vyuo vidogo vya huku vinakosa wanafunzi, na timu mpya ni njia ya kuwaleta: kila mchezaji ni mtu anayelipa ada na kulala bweni. Wasipofika 30 waliolipia nafasi ifikapo tarehe 1 Mei, mradi unarudi mezani, na mkataba wangu pia. Kazi ya Baltimore nimeshaacha, mke na mtoto nimeshawahamisha.

Dada_wa_Columbus:
Kaka yangu, kumbe hukuja kuuliza habari za wachezaji. Chuo chako ni Divisheni ya 3, lile daraja la tatu la michezo ya vyuo huku?

Kijiti_na_Wavu:
Ndiyo dada.

Dada_wa_Columbus:
Divisheni ya 3 haina ufadhili wa michezo, hata senti. Mwanangu alifuatwa na makocha, najua. Hao 19 umewaambiaje kuhusu ada?

Kijiti_na_Wavu:
Wengi wao familia zao zinajua taratibu.

Dada_wa_Columbus:
Sikuuliza wengi.

Kijiti_na_Wavu:
Watatu ni watoto wa wenzetu, mmoja wa Kitanzania, wawili wa Kikongo, wanasoka wenye mbio za ajabu. Wazazi niliwaambia: "Akicheza, chuo kitamsaidia ada." Jamani, sikudanganya. Vyuo hivi vinampa punguzo karibu kila anayeomba. Na vijana wale bila mimi wasingefikiria chuo kabisa.

Mlinda_Lango:
Punguzo angelipata hata asiposhika kijiti. Wewe umelifunga kwenye kucheza. Akivunjika goti Oktoba, mzazi ataamini ada imepotea. Halafu kocha wa Divisheni ya 3 haruhusiwi kupanga msaada wa ada wa mchezaji. Unajiweka pabaya.

Nungwi_Kaskazini:
Wakuu, hii ni CHAI. Mtanzania kocha wa mchezo wa Wahindi Wekundu? Kesho ataomba nauli. Mods fungeni.

Mpogoro_Asilia:
Mimi nilishaleta vitumbua 😂

Mzee_Kisiki:
Hata mimi nilishangaa. Mwafrika na mchezo huo wapi na wapi?

Kijiti_na_Wavu:
Nungwi, jina hilo wenyewe hawalipendi, tuliache. Na Mzee wangu, kwa heshima zote: Uganda walicheza mashindano ya dunia pale Denver mwaka 2014, timu ya kwanza kutoka Afrika. Na mwaka 2028 mchezo unarudi Olimpiki, Los Angeles, watu sita kila upande. Sijaomba nauli ya mtu. Naupenda mchezo huu kuliko ninavyoweza kueleza, na ndiyo maana naogopa.

Dada_wa_Columbus:
Chai au si chai, wazazi wale wakishalipia nafasi, pesa hiyo mara nyingi hairudi. Wapigie kabla ya Mei. Waambie kwa Kiswahili, taratibu, ada ni ngapi, punguzo ni la nini, kinachobaki atalipa nani.

Kijiti_na_Wavu:
Wakibadili mawazo nabaki na 16.

Dada_wa_Columbus:
Ndiyo.

Kijiti_na_Wavu (siku mbili baadaye):
Nimempigia wa kwanza. Mama alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika, kisha akauliza, "Sasa baba, siku ile ulikuwa unasemea chuo au ulikuwa unajisemea wewe?" Nimemwomba msamaha. Amesema atazungumza na mzee, watanijibu Jumapili wakitoka kanisani. Wamebaki wawili, nawapigia usiku wa leo.